Kwenda Ivuna kwenye chumvi ya kale: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kiangazi kikianza tu, simu za "kaka, Ivuna mtu anafikaje?" nazo zinaanza. Nimeyaweka hapa maswali yanayojirudia, kuanzia ya mtu asiyejua Ivuna ni kitu gani mpaka ya yule aliyekwenda mara mbili na sasa anataka kurusha droni. Kama jibu limeshatolewa sehemu nyingine ya ukurasa, nitakuelekeza huko.

## Ivuna ni nini

Ivuna iko Mbeya, Songwe au Rukwa?

Iko Mkoa wa Songwe, Wilaya ya Momba, bondeni, upande wa kusini wa Ziwa Rukwa. Watu wanachanganyikiwa kwa sababu mpaka mwaka 2016 sehemu hii yote ilikuwa Mkoa wa Mbeya, na vitabu na ramani za nyuma zinasema Mbeya. Wazee nao bado wanasema Mbeya, hawana haraka ya kubadilisha. Rukwa inaingia kwa jina la ziwa na la bonde, na pia ukivuka Mto Momba pale Kamsamba kuelekea Kilyamatundu, hapo kweli umeshaingia Mkoa wa Rukwa.

Kuna nini cha kuona?

Tuelewane mapema, maana hapa ndipo watu wanaponuna. Kama unatafuta jengo, geti na kibao cha kupigia picha, jipange kama mtu ambaye hatavikuta. Unachokwenda kuona ni ardhi. Ni tambarare iliyopauka yenye ukoko mweupe wakati wa kiangazi, chemchemi za maji ya moto yenye chumvi, na udongo uliojaa vigae vya vyungu kiasi kwamba ukitembea unasikia kama unakanyaga bisi. Pembeni kuna ng'ombe wanaolamba ardhi kwa utulivu, na nyuma yako unaiona kingo ya bonde ulilotoka kulishuka.

Mtu aliyesoma kidogo kabla ya kwenda hukaa pale saa tatu asichoke. Mwenzake asiyejua chochote huuliza baada ya dakika kumi, "Ndiyo hapa tu?" Ndiyo maana majibu ya sehemu hii ni marefu kuliko ya nauli.

Chumvi ilianza kutengenezwa lini?

Mwaka 1966 wanaakiolojia Brian Fagan na John Yellen walichimba Ivuna, na matokeo yao yakachapishwa mwaka 1968. Mkaa waliouokota kwenye tabaka za makazi ulipopimwa umri, ulionyesha kwamba watu walikuwa wakiishi na kutengeneza chumvi pale kuanzia karne ya 13 hivi mpaka ya 15. Walikuta matabaka mazito ya vigae, pamoja na mifupa ya mifugo.

Ili uione hiyo miaka vizuri, kumbuka kwamba Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331, Kilwa ikiwa katika neema yake. Wakati matajiri wa pwani wanajenga kwa mawe ya matumbawe, huku bara kuna watu wamechuchumaa mbele ya mafiga, macho mekundu kwa moshi, wanachochea kuni chini ya chungu cha maji ya chumvi. Shuleni tulifundishwa habari za wale wa kwanza. Hawa wa pili niliwasikia nikiwa mtu mzima.

Walitengenezaje chumvi bila bahari?

Swali zuri kuliko yote, na ndilo linaloulizwa na watoto.

Chumvi iko chini, kwenye maji ya ardhini na ya chemchemi. Kiangazi jua linakausha uso wa ardhi, maji ya chini yanapanda taratibu kupitia vinyweleo vya udongo, yakifika juu yanakuwa mvuke na chumvi inabaki. Baada ya siku kadhaa unaona ukoko mweupe, mwembamba kama ganda la juu la ugali uliopoa. Huo ndio unakwanguliwa. Tatizo ni kwamba unapokwangua unazoa na udongo, tena mwingi.

Hapo ndipo ufundi unapoanza. Udongo ule unawekwa kwenye chombo chenye matundu chini, kapu au chungu kilichotobolewa, na nyasi zinatandikwa ndani zishike tope. Maji yanamiminwa juu. Yanayodondoka chini yanakuwa yamebeba chumvi na kuuacha udongo, kama vile chujio la chai linavyoshika majani. Yakiwa hayajakolea vya kutosha yanapitishwa tena kwenye udongo mpya. Kukolea kunapimwa kwa ulimi.

Kisha ni moto. Maji yanachemshwa kwenye vyungu mpaka yanakuwa mazito, punje zinaanza kujitokeza pembezoni, na anayepika anakoroga huku akipunguza kuni, maana chumvi ikiungua inashika chini. Mwisho unabaki uji mzito wenye unyevu, unakaushwa na kuwa bonge gumu linaloweza kufungwa kwenye majani na kubebwa kichwani siku kadhaa.

Kazi yote hiyo ni ya kiangazi. Mvua ya kwanza ikinyesha, ukoko unayeyuka na kurudi ulikotoka, na msimu umekwisha.

Mbona vigae ni vingi hivyo? Walikuwa wanavunja vyungu makusudi?

Vingine ndiyo, kwa sababu bonge likishika ndani, njia rahisi ya kulitoa ni kuvunja chungu. Lakini hata asingevunja mtu, chungu cha chumvi hakizeeki. Maji ya chumvi yanapenya kwenye ufinyanzi, yakikauka yanaacha punje ndani ya vinyweleo, punje zinapanuka na kuupasua ukuta kutokea ndani. Angalia ukuta wa nyumba ya tofali iliyojengwa kwa mchanga wa chumvi utaona jambo hilohilo: rangi inabanduka, kisha plasta, kisha tofali lenyewe linakuwa unga.

Kwa hiyo wafinyanzi walikuwa na kazi kubwa sawa na wapika chumvi, na wakata kuni vilevile. Ukiokota kigae (na kukirudisha, soma swali la kuondoka na vigae hapo chini), tazama upande wa ndani. Kingine utakikuta na utando mgumu wa kijivu ambao kucha haiuondoi.

Chumvi hiyo ilikuwa inaenda kwa nani?

Bondeni penyewe ni nyumbani kwa Wawanda. Kutoka juu, uwanda wa Mbozi, walishuka Wanyiha. Chumvi ya Ivuna ndiyo waliyoitegemea kabla ya ile ya madukani. Mtu hakwenda mikono mitupu. Alibeba nafaka, au jembe la chuma, kwa sababu nyanda za juu zilikuwa na wahunzi hodari. Ng'ambo ya bonde, Ufipa, matanuru marefu ya udongo waliyoyeyushia chuma bado yamesimama hapa na pale. Chuma kilishuka, chumvi ikapanda.

Bibi yangu mzaa baba, wa Mbozi, hakuwahi kwenda Ivuna mwenyewe, lakini mpaka anazeeka alikuwa akiweka chumvi kwenye jani la mgomba lililofungwa na kuning'inizwa juu ya meko, na akimwona mtoto anaichota kwa mkono mzima anamwambia, "Hiyo imetembea kwa miguu." Tulidhani ni maneno ya wazee tu.

"Munyu" ndiyo chumvi hiyohiyo?

Ndiyo. Lugha nyingi za nyanda za juu zinaiita chumvi kwa jina hilo au la karibu yake, na Kiswahili nacho kinalo, ingawa siku hizi "chumvi" imelifunika.

Ni sawa na magadi?

Hapana. Chumvi ya kula ni kloridi ya sodiamu; magadi ni kaboneti ya sodiamu, ile inayolainisha maharage na makande. Ardhi za bonde la ufa mara nyingi zinakuwa na vyote viwili vimechanganyika, na ndiyo sababu baadhi ya chumvi za asili zina uchungu fulani nyuma ya ulimi.

Nilisikia chumvi ya kale iko Uvinza. Kwani ni mahali pamoja?

Uvinza iko Kigoma, mbali kabisa. Ni ndugu wa Ivuna kwa kazi, na chumvi yake ni ya zamani zaidi, imeanza katika milenia ya kwanza. Uchunguzi wa Uvinza na wa Ivuna ulifanyika karibu miaka ileile ya 1960, kwa hiyo vitabu vinavitaja kwa pamoja na wasomaji wanavichanganya. Tofauti kubwa ni kwamba Uvinza maji ya chemchemi zenyewe ni makali sana, na kazi ikaja kuwa kiwanda.

## Kufika

Niende mwezi gani?

Juni mpaka Oktoba. Agosti na Septemba ndipo ukoko mweupe unaonekana vizuri, ila Oktoba joto la bondeni halina mzaha.

Novemba mpaka Aprili usiende, na sisemi hivi kwa kukutisha. Udongo wa bondeni ni mfinyanzi mweusi, ule wa mbuga, unaofunga kwenye tairi mpaka gurudumu linakuwa duara la tope lisilozunguka. Mwaka mmoja tulishuka Novemba ya mwanzo, mwenye gari la kukodi akituapia kwamba mvua bado. Ilinyesha nusu saa. Tulilala ndani ya gari watu sita, asubuhi tukavutwa na plau ya ng'ombe wa mfugaji mmoja wa Kisukuma, kijana wa miaka kumi na tano hivi, aliyekuwa akitucheka waziwazi. Alikuwa na haki.

Natokea Mbeya. Napitia wapi?

Shika barabara kuu ya Tunduma. Kabla ya kufika Vwawa utaingia Mlowo, na pale ndipo unapoiacha lami kuu na kushika njia ya Kamsamba. Mlowo mpaka Kamsamba ni kilomita 130 hivi. Mwanzoni unapita mashamba ya kahawa na mahindi ya Mbozi, hewa ya ubaridi, kisha unashuka kingo ya bonde. Uwanda wa Mbozi uko kwenye mita 1,600 hivi juu ya usawa wa bahari na ziwa liko kwenye mita 800, kwa hiyo unapoteza nusu ya kimo chako ndani ya safari moja. Sweta uliyovaa Mbeya alfajiri utaivua njiani.

Ukishafika bondeni, kata za Ivuna na Kamsamba ziko ukanda mmoja. Waulize wenyeji njia inayopitika wiki ile, usiulize simu. Ramani ya simu haijui kwamba korongo limehamia barabarani.

Natokea Dar kwa ndege. Nishukie wapi?

Uwanja wa Songwe. Na usidanganyike na jina: uwanja wa Songwe uko Mkoa wa Mbeya, haupo Mkoa wa Songwe. Ulianza kutumika Desemba 2012, kabla mkoa wenyewe haujazaliwa. Kutoka pale uko karibu na barabara ya Tunduma, huna haja ya kurudi mjini Mbeya.

Gari dogo linafika?

Kiangazi, na dereva mvumilivu, watu wamefika na magari ya chini. Mimi sipendi. Gari lenye kimo na tairi nzima mbili za akiba ndilo la kutulia. Bodaboda zinafika kila mahali, lakini kukaa juu ya pikipiki njia nzima kutoka Mlowo, kwa vumbi lile, ni adhabu. Afadhali upande gari mpaka bondeni ndipo uchukue bodaboda ya kumalizia.

Jaza mafuta Mlowo, na ujaze ya kwenda na kurudi. Chini utayapata ya chupa, kwa bei ya chupa.

Nitalala wapi?

Ukitaka kitanda kizuri na maji ya moto, lala Mlowo, Vwawa au Tunduma, uondoke saa kumi na moja alfajiri, urudi usiku. Kwenye senta za bondeni kuna gesti za kawaida: chumba, ndoo, chandarua. Kagua chandarua kabla ya kulipa. Ukilala chini utaiona tambarare saa kumi na mbili asubuhi, ukoko ukiwa umelala na umande na jua linaingia kwa ubavu, na kwa hilo pekee gesti ya ndoo inavumilika.

Kuna kiingilio? Nahitaji kibali?

Anza na ofisi ya kijiji. Msalimie mtendaji, mwone mwenyekiti, sema umetoka wapi na unataka kuona nini, saini kitabu cha wageni. Kama kuna mchango wa kijiji utaambiwa pale. Omba stakabadhi bila aibu. Watakutafutia mtu wa kukutembeza, na malipo yake mpatane kabla hamjaondoka ofisini, mbele ya mtendaji, ili jioni pasiwe na maneno.

Wapo wanaonipigia wakisema, "Si ni ardhi wazi, naenda tu." Ndiyo, ni wazi, na ndiyo maana wenyeji wanamwangalia vibaya mtu anayepiga hatua huku akitazama chini kama aliyedondosha kitu. Watadhani unatafuta madini.

## Ukiwa pale

Naweza kuionja?

Onja. Punje moja tu, ya juu kabisa, mbali na wanapopita ng'ombe. Itakuja chumvi kwanza, kisha uchungu kidogo, kisha udongo. Usichote ukala kama sukari. Humo kuna madini mengine, na wewe una safari ndefu isiyo na choo.

Naweza kununua chumvi ya Ivuna nikapikie nyumbani?

Ukiipata inauzwa, nunua kwa kumbukumbu au kwa ng'ombe wako. Ya kupikia kila siku, hapana, na sababu yake ni ya kwetu hasa sisi wa nyanda za juu kusini. Ardhi yetu haina madini joto ya kutosha, na miaka ya nyuma rovu, ule uvimbe wa shingo, lilikuwa jambo la kawaida. Kwenye picha za harusi za zamani za ukoo wangu naweza kukuhesabia shingo. Mwaka 1994 zikawekwa kanuni za kutaka chumvi ya kula iwekwe madini joto. Chumvi ya kukwangua haina. Mjamzito hasa asiitegemee, kwa sababu upungufu wa madini joto unamwathiri mtoto akili kabla hajazaliwa.

Naweza kuondoka na kigae kimoja? Viko maelfu!

Hapana. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya mwaka 1863, na kigae cha karne ya 14 kinaingia humo bila ubishi. Lakini tuiache sheria kwanza. Kigae kilichoko mahali pake kinaeleza kilikuwa karibu na meko au karibu na makazi, juu ya tabaka lipi, pamoja na vigae gani. Ukikiweka kwenye kabati la sebuleni kinakuwa kipande cha chungu.

Nimewahi kumwona mwalimu mmoja, mtu mzima kabisa, akitembea na mifuko ya suruali imevimba. Mwenyeji wetu hakugombana naye. Alimwomba avitoe, akavipanga juu ya mkeka wakati wa chakula, akaanza kumwuliza kimoja kimoja, "Hiki ulikitoa wapi, mwalimu?" Mwalimu alikumbuka viwili. Wanafunzi walikuwa wanasikiliza.

Piga picha, weka wembe au kalamu pembeni kuonyesha ukubwa, kirudishe ulipokitoa, upande uleule.

Yale maji ya moto, naweza kuoga?

Usiingie kabla mwenyeji hajakuonyesha mahali. Joto la chemchemi halilingani, hatua mbili pembeni linaweza kuwa la kuunguza, na kingo zake ni ukoko juu ya tope. Watoto washikwe mkono.

Na ziwani?

Ziwa Rukwa lina mamba, tena wengi, na viboko. Usioge. Ziwa hili halina mto unaotoka, kwa hiyo maji yakija yanatanda na yakikosekana yanarudi nyuma kilomita nyingi. Ufukwe aliokuonyesha rafiki yako kwenye picha ya miaka mitatu iliyopita unaweza kuwa sasa uko ndani ya maji au shambani. Ukitaka kuzunguka na kuingia kwenye mapori ya akiba ya ukanda huo, hiyo ni safari nyingine na kibali chake ni cha TAWA, mamlaka ya usimamizi wa wanyamapori.

Nibebe nini?

Maji, lita tano kwa mtu kwa siku, na usifikiri utanunua njiani. Kofia pana. Viatu vya kufunika vidole, kwa sababu ya vigae na ya miiba. Dawa ya mbu na mikono mirefu ya jioni: mtu wa Makete au Mbeya mjini asiyezoea malaria ndiye anayeugua akirudi. Noti ndogondogo. Miwani ya jua si urembo. Ule weupe saa saba mchana unaumiza macho.

Naweza kumpeleka mama yangu mwenye presha? Watoto?

Watoto kuanzia miaka saba hivi wanafurahi kuliko sisi. Mama mwenye presha, mshuke naye kama daktari wake ameridhia, mlale bondeni usiku mmoja, mtembee saa mbili za asubuhi tu. Safari ya kwenda na kurudi siku moja inamchosha hata kijana.

Nipige picha watu?

Salimia kwanza, omba, subiri jibu. Shikamoo ya kweli, siyo ya kupita nayo. Ukikataliwa usipige ya wizi kutokea ndani ya gari.

Nimeambiwa kuna mahali pasipopitwa na viatu, au pasipopigwa mluzi. Ni kweli?

Kama mwenyeji wako amekwambia, ni kweli kwa siku hiyo. Kazi za chumvi sehemu nyingi za nchi hii zilikuwa na miiko na watu wa kuisimamia. Vua viatu, nyamaza, endelea.

## Maswali ya pembeni

Kimondo cha Ivuna ndicho kile cha Mbozi?

Sivyo, na swali hili linanifurahisha kwa sababu watu wengi wa Songwe wenyewe hawajui kwamba mkoa wao una vimondo viwili vyenye sifa duniani.

Kile cha Mbozi kiko kijiji cha Ndolezi. Ni chuma kwa sehemu kubwa, kina urefu wa mita tatu hivi, kinakadiriwa tani 16, na watafiti wa nje walikijua tangu mwaka 1930. Hicho unakiona kwa macho na kukigusa.

Cha Ivuna kilianguka tarehe 16 Desemba 1938, na vipande vyake vyote pamoja havikufika hata kilo moja: gramu 705 hivi. Hakiko Ivuna, vipande vimesambaa kwenye makumbusho, kimojawapo London. Ni cheusi, chepesi, laini, kina kaboni na maji yaliyofungwa ndani ya madini yake, na uwiano wa elementi zake unakaribiana sana na wa Jua lenyewe ukiondoa zile gesi nyepesi. Ni vimondo vitano tu vya aina hii vilivyoshuhudiwa vikianguka, na wanasayansi wameliita kundi zima CI: C ya kaboni, I ya Ivuna. Chombo cha Wajapani kilipoleta udongo wa sayari ndogo ya Ryugu Desemba 2020, vipimo vilionyesha unafanana na kundi hilo. Kwa hiyo maabara za Tokyo zinalitaja jina la kata moja ya Momba mara nyingi kuliko redio zetu.

Naweza kuunganisha Kimondo cha Mbozi na Ivuna siku moja?

Usijaribu. Kimondo kinatosha njiani siku ya kwanza: ukitoka Mbeya, njia yake inakata kushoto kabla ya Mlowo. Lala Mlowo, kesho yake shuka Ivuna. Hapo utakuwa umeona chuma kutoka angani na chumvi kutoka ardhini ndani ya siku mbili.

Wale wanaochimba gesi bondeni wanatafuta chumvi?

Wanatafuta heliamu. Habari za heliamu ya bonde la Rukwa zilitangazwa mwaka 2016, na uchorongaji umefanyika Itumbula, humohumo Momba. Gesi hiyo inapanda na maji ya chemchemi kutoka kwenye miamba mikongwe ya chini. Usiende kwenye mitambo yao kama mtalii. Kuna walinzi na hawana muda.

Mimi ni mwanafunzi wa chuo, nataka kufanya utafiti pale. Barua ya mtendaji inatosha?

Ya kutembea inatosha, ya utafiti hapana. Kuchimba au kukusanya kitu chochote kunahitaji kibali cha mamlaka ya mambo ya kale, na mtafiti kutoka nje ya nchi anapitia pia COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia. Anza mapema, na ukifika kijijini na vibali vyako bado unaanzia ofisi ya kijiji kama mtu mwingine.

Droni?

Kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga kwanza, kisha kijiji. Na ng'ombe wanaiogopa: ikiwatawanya, gharama ya kuwatafuta ni yako.

Naleta wanafunzi arobaini. Ushauri?

Wagawe makundi manne, kila kundi na mwenyeji wake, wasishuke wote sehemu moja kwa wakati mmoja. Waambie kabla ya kuondoka shuleni habari za vigae (na kisa cha yule mwalimu). Na waandalie jaribio, maana kuangalia tu kutawachosha: kopo lililotobolewa chini, nyasi, mchanga uliochanganywa na chumvi ya dukani vijiko vitatu, maji, kopo la pili la kupokea, sufuria na jiko la mkaa. Fanyeni hapohapo kando ya gari, msitumie udongo wa pale.

Mara ya mwisho tulipofanya hivyo, binti mmoja wa kidato cha pili alikaa akikoroga dakika hamsini bila kuachia kijiko, wenzake wamekimbilia soda. Mwishoni alipata chumvi ya kujaza nusu ya kifuniko cha soda, ya kijivu kidogo. Akaitazama, akatazama vile vigae vilivyotapakaa mpaka kwenye miti, akaniuliza, "Sasa, baba, wa kujaza gunia alikuwa anakata miti mingapi?"